Boya

Mimi fundi bomba, Mabatini nzima wananijua:
nyumba zilizoparamia mawe kama mbuzi,
matenki meusi juu ya mapaa, niliyafunga mimi.
Maji ya ziwa nimeyapandisha hadi kwa vikongwe
wasioshuka tena kuliona ziwa.

Nyumbani kwangu, miaka minne, beseni kavu.

Nkwimba alikunywa mizizi ya Magu, akanywa ya Sengerema,
akalazwa chali kupigwa picha, mara tatu.
Mayu alikuwa akimtazama tumbo
kabla ya kumwitikia shikamoo.
Mimi nilikuwa jimu, Kirumba, nanyanyua chuma,
na kila Ijumaa Gwandu ananichoma pajani:
"Huu ndio uanaume wenyewe, umetiwa chupani."
Kifua kikajaa. Mashati yakanibana.
Nani angenishuku?

Bugando, ghorofa ya tatu. Daktari Kokushubira,
binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu,
akageuza karatasi niisome. Mbegu: sifuri.
Nikatafuta tarakimu nyingine mbele yake.
Haikuwapo.

"Unalijua boya la tenki?"
Nusura nicheke.
"Chini ya ubongo kuna tezi, punje ya choroko tu,
ndiyo pampu yako. Inatuma wajumbe wawili:
mmoja aziamshe korodani zitengeneze homoni,
mwenzake asimamie mbegu zikue, siku sabini na ushei.
Homoni ikitosha, boya hupanda, pampu hupumzika.
Sasa wewe umemimina kwa ndoo, kutoka nje,
kila Ijumaa, miaka mitano..."

Hakumalizia. Nilimaliza mwenyewe:
tenki linafurika, mtaa mzima unasifu,
na pampu, ikijua kazi imekwisha, imelala.

"Itaamka?"
"Mara nyingi huamka. Acha sindano.
Miezi sita, pengine mwaka. Siwezi kukuahidi."

Nkwimba alikuwa anachambua dagaa, anatoa mchanga.
Nikamweleza yote, hata bei ya chupa.
Hakulia. Hakunitukana.
Aliokota dagaa mmoja, akamkata kichwa, akasema:
"Basi kamwambie mama yako."

Mayu anakaa juu kabisa, nyumba ya mwisho,
tenki la kwanza nililowahi kufunga.
Mawe yale nimeyapanda tangu ujana
na bomba la futi ishirini begani.
Jana, mikono mitupu,
nilipumzika mara tatu njiani.