Mafuta ya Shokapu

Kwanza legeza vifuniko vya juu
wakati miguu bado imeshikwa na pikipiki.
Mwaka juzi sikujua. Nilichomoa kwanza,
nikabaki na bomba mikononi kama samaki hai,
nazungusha spana, nalo lazunguka nami.

Leo najua. Robo mzunguko, yatosha.
Jeki chini ya injini, kipande cha mbao juu ya jeki,
gurudumu nje, madigadi nje,
breki nimeining'iniza kwa waya isiuvute mpira wake.
Theluji ya Machi imelowa. Inaporomoka kutoka mapaa ya Kuldīga
kwa kishindo cha mtu anayetupa godoro.

Mama anateremka.
Nazisikia ngazi, kumi na nne:
mguu wa kushoto, kisha wa kulia unaufuata palepale,
mwendo wa bibi harusi,
ila bibi harusi hatukani.
Hospitali ya Riga imemwandikia Oktoba.
"Oktoba ya mwaka gani?" alimuuliza karani,
na karani hakucheka.

Nilimwambia asiteremke.
Skaidrīte, miaka arobaini na mmoja nyuma ya kaunta ya duka la dawa,
haambiwi asiteremke.

Namimina mguu wa kushoto kwenye chupa ya achari ya matango.
Yanatoka ya kijivu,
yananuka samaki aliyesahauliwa garini.
Nasukuma bomba juu, chini, juu;
linakohoa, linatema tone la mwisho.
Kisha wa kulia, chupa nyingine.
Mama anaziinua zote mbili kwenye taa, usawa wa macho,
kama alivyoziinua dawa za kikohozi za watoto wa watu.
"Huu mia mbili na kumi. Huu mia moja sitini na kitu.
Kushoto kunavuja, Aiga. Tangu lini?"

Tangu lini.
Kiangazi kizima nilikwenda nayo hadi Liepāja na kurudi,
kila shimo likinigonga viwikoni,
nami nikailaumu barabara.

"Basi wa kulia ndio uliokuwa ukibeba," anasema,
na mkono wake, bila kutumwa, unashuka gotini.

Sili mpya ninazo. Nilizinunua kwa wasiwasi tu.
Nazigonga ziingie kwa kipande cha bomba la maji,
taratibu, nikizunguka ukingo wote, mpaka sauti ibadilike.

Kisha kupima. Nilipanga kutumia rula na jicho.
Mama anacheka kwa pua,
anatoa mfukoni mwa sweta bomba la sindano, nene, lisilo na sindano,
anavuta mafuta mapya, mekundu, yasiyojua lolote bado.
Goti linatetemeka. Mkono hautetemeki.
"Mia mbili ishirini na tano. Sema."
"Mia mbili ishirini na tano."
"Siyo na sita."
"Siyo na sita, mama."

Springi. Kifuniko kinakisukuma kiganja
kama mtoto anayekataa kulala.
Gurudumu, ekseli, breki, kila nati kwa zamu yake,
na chai imepoa mara mbili juu ya betri.

Nashika breki ya mbele,
naulalia usukani kwa uzito wangu wote.
Inainama. Inafikiri kidogo.
Inainuka.
Hairuki, inainuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
"Tena," anasema mama.
Narudia. Tena. Mara tano, sita,
yeye akiitazama pale inapokunjuka.
"Mimi nataka hivyo," anasema. "Waambie wa Riga. Hivyo hivyo."

Kitambaani imebaki washa moja, ndogo, safi.
Tunaitazama sote wawili.
Mama anaiokota, anaipindua, anaitia mfukoni pamoja na bomba la sindano.
Kesho nitafungua tena.

Anatangulia ngazini, ameikamata reli,
kushoto, kisha kulia palepale,
nami nyuma na tochi,
mkono mmoja ulionuka samaki nimeunyoosha
karibu na mgongo wake,
bila kuugusa.