Saa Nane

Chumbani kwa nesi Gurpreet, pale Hayes, pembeni mwa London,
mizani ilitamka mia na kumi na nane
kwa sauti yake ya mashine, mbele ya mwanangu.
Nikatazama dari. Nikaisoma dari yote.

Mkanda ukanibana mkono, ukapumua, ukaniachia.
Nesi akaandika, akafuta, akapima tena.
Akagusa kifua chake mwenyewe, na hapo
sikuhitaji mkalimani.
Mengine yalikuwa marefu. Nailati akayapokea,
akayakunja kama anavyokunja nguo zake, harakaharaka:
"Mama, anasema usile usiku kucha.
Mwisho wako ni saa nane."

Saa nane! Nilicheka moyoni.
Saa nane ya usiku ndiyo kengele yetu ya mapumziko
kiwandani, tunakopanga vyakula vya ndege:
kuku kwenye trei, wali kwenye trei,
keki ya chokoleti iliyokatwa mraba
kwa watu watakaokula cha mchana gizani
na cha usiku jua likiwapiga dirishani.
Sisi tunaowapakulia, hatuulizwi tunakula lini.

Basi nikatii. Mwezi mzima nilitii.
Biriani la jana, chapati mbili, chai ya maziwa,
na trei zilizopinda kona, zisizofaa kupanda angani,
zikashukia kwangu.
Kengele ikilia nimeshalamba kijiko,
nafunga kinywa kama mtu aliyenuia,
najiona bibi wa nidhamu.
Alfajiri nalala chali nikimsikiliza
huyu wa kifuani akipanda ngazi
ilhali mimi nimelala.

Mara ya pili presha ilikuwa palepale, imekaa kitako.
Nesi akauliza huwa namaliza kula saa ngapi.
Nikamjibu mwenyewe, kwa fahari:
nikainua vidole viwili.
Akanitazama. Akamtazama Nailati.
Akaiendea saa ya ukutani
akaweka kidole juu ya nane.

"Si ndiyo hiyo, mama? Nane."
"Mwanangu, penye nane sisi tunasoma mbili."
Uso ukamwiva.
Nami nikajua kwamba nimezaa mtoto wa saa nyingine,
na kwamba mwezi mzima nimekula kwa utiifu
katika kina cha usiku ule ule niliokatazwa.
Nesi alicheka mpaka akavua miwani.
Kisha hakucheka: moyo nao una saa yake, alisema,
ukifika usiku unataka kutua mzigo,
na wewe, Ruzuna, ndipo unapoutwisha.

Nimefikiri sana habari hiyo.
Kwetu siku huanza kuhesabiwa jua likichomoza;
hapa, Desemba, jua lenyewe huchelewa kazini,
huingia saa mbili na kutoroka kabla ya saa kumi.
Ningeuambia nini moyo? Ufuate nani?

Siku hizi naamka mchana na kubandika sufuria.
Saa kumi na moja Nailati hurudi, na begi lake, na njaa yake.
Miaka minne alikuwa akinifunikia sahani,
nami naikuta asubuhi, imeganda mafuta,
mapenzi yaliyopoa.
Sasa tunakula tukionana.
Ana kovu dogo kidevuni. Sikuwa nikilijua.

Sisemi nimeshinda. Juzi, kengele ilipolia,
nilikunywa maji yangu, nikakaa mbali,
lakini keki ile ina harufu inayojua jina langu.
Nilimega kona. Kisha nikaisawazisha kona ya pili
ili zilingane.
Mizani imesema mia na kumi na tano.
Nesi amesema presha inaanza kusikia maneno.

Leo nafunga viatu vya zamu, simu inatetema mezani.
Ni Nailati, yuko maktaba, kaandika:
"Mama, saa mbili. Ile yako."
Nimefunika sufuria.