Nne-Kumi

Mdomoni mwake huingia kidole cha mwisho tu,
na hata hicho hukwama kwenye kifundo.
Huo ndio upana wa urithi wangu.
Baba aliiita Nne-Kumi,
kama mtu aitavyo ng'ombe kwa namba ya sikioni.

Alipofariki, ilichukuliwa kabla kaburi halijakauka.
Miezi kumi na mmoja ililala stoo ya polisi, Nakuru mjini,
katikati ya baiskeli zisizo na wenyewe,
nami nikipanda zile ngazi na barua, na picha, na alama za vidole,
hadi siku afisa aliponitazama juu ya miwani:
"Mama, unataka kuua nini?"
"Udongo," nikamwambia.
Akaandika. U-do-ngo.
Akagonga muhuri.

Jumamosi, basi, niko Rongai, nyuma ya mashamba ya ngano,
Menengai ikinisukuma mgongoni na upepo wake.
Wenzangu wamebeba kumi-na-mbili, mitutu mipana kama koo za fahali;
zikilia, hata ngano huinama.
Yangu husema *ta*, basi,
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Gathecha hachoki: "Jerotich,
hiyo si ya kutogea wasichana masikio?"
Nacheka. Nafungua mtutu, natia ganda jembamba kama penseli.
Marisawa yaliyomo hayajazi kijiko cha chai.

Wafubwa amechutama shimoni na mtambo wake wa springi.
"Vuta!"
Kisahani kinaruka, rangi ya chungwa bivu,
nami nakifuata, nakipita kidogo, nafyatua pale kitakapokuwa,
maana anayepiga pale kilipo hupiga jana.
Kikivunjika huwa vumbi na vigae, hakuna manyoya.
Hakuna cha kuokota kikiwa bado na joto.

Solai, mvua za kupanda, kanga walikuwa wakishuka alfajiri
kufukua mahindi tuliyofukia jana yake.
Baba alitoka na risasi tatu mfukoni:
mbili za kanga, moja ya kurudi nayo nyumbani.
Alitambaa kwenye umande hadi magoti yakawa meusi.
"Bunduki kubwa hukusamehe," alininong'oneza, "hii hudai.
Hatua ishirini na tano. Ya ishirini na sita ni ukatili."
Jioni, mezani, tulitafuna polepole,
na kila risasi tuliyoipata kwa jino tuliitema kwenye sahani ya bati:
*ting*.
Mama alizihesabu. Sijui kwa nini alizihesabu.

Siku moja nilimvuta koti: yule, baba, yule pale!
Nilikuwa na miaka tisa na njaa ya sifa.
Alipima kwa jicho, akajua, akanitazama,
kisha akapiga.
Kanga hakuanguka. Alikimbia kwa bawa moja
akaingia kwenye mkonge.
Tulimtafuta hadi giza, hadi tukawa tunatafutana wenyewe kwa sauti.
Usiku ule baba hakugusa ugali.
Hakunigombeza pia; na ndicho ninachokumbuka.

"Vuta!"
Upepo wa Menengai unakinyakua kisahani, unakipeleka mbali,
juu ya uzio, juu ya ngano. Namfuata.
(Nimesema *namfuata*. Nisahihishe mwenyewe: nakifuata.)
Ishirini na tatu. Ishirini na tano.
Kidole kinatoka kwenye kifyatulio.
Nashusha mtutu, naufungua, naulaza mkononi.
"Sifuri!" anapaza sauti mwandishi wa alama.
"Udongo hauumii, mama!" anasema Gathecha, na ni kweli,
ndiyo maana sina la kumjibu.

Alasiri Wafubwa anarudi kutoka ngano, suruali imejaa miba,
anainua kitu cha rangi ya chungwa.
"Hiki hapa kizima."
Anakifuta kwa kiganja, anakigeuza, anakipuliza ukingoni,
anakirudisha juu ya mtambo.