Safu ya K

Saa nne na robo likaanguka tena.
Nshombo akapaza sauti: "Nani amefungua?"
kana kwamba mtu kaacha mlango wazi na mbuzi wameingia.
Sote tulikuwa tumefungua. Ndilo jedwali la ushirika,
moja, la watu watano,
kilo zote za kahawa kutoka Kalehe hadi Idjwi,
na kila asubuhi linaganda, jeupe
kama jicho la samaki aliyeiva,
linatuomba radhi, linajifunga.

"Umeme," alisema Murhula. Murhula huulaumu umeme
hata kwa ndoa ya dada yake.
Tukaazima betri. Likaanguka kwenye betri.
"Mvua," maana Bukavu mvua haikosi kesi.
Tukangoja jua. Likaanguka juani.
"Ni wingi wenu," mkubwa akaamua,
tukapangiwa zamu kama watoto wa bweni wanaosubiri bafu.
Likaanguka mikononi mwa Furaha,
peke yake, saa saba, wengine tukila sambusa ngazini.

Jioni nikabaki.
Nikatoa nakala, maana mgonjwa hapasuliwi bila ndugu.
Nikafuta njano ya Nshombo, aliyopaka tangu mstari wa kwanza
hadi huko chini, mstari wa milioni,
ambako hakuna kilo iliyowahi kufika.
Likapungua uzito. Likaanguka.
Nikalikata katikati, kama muhogo
unapotafuta uchungu umelala wapi:
nusu nzima, nusu mbovu.
Ile mbovu nayo nusu. Tena nusu.
Taa za Bagira zilikuwa zimewaka na kuzimika mara mbili
nilipobaki na safu moja.

K. Kiwango cha faranga.
Ndani ya kisanduku hamkuwa na namba. Mlikuwa na njia,
ndefu kama barabara ya Bunyakiri:
kompyuta ya Bashige, diski D,
folda "Vya kwangu", faili "kiwango kipya".

Bashige alimfuata mumewe Kindu, Machi ile nyingine.
Kompyuta yake tuliiuza Kadutu, kwa kijana
anayechapa picha za pasipoti.
Kumbe kila asubuhi, kabla ya kuhesabu hata kilo moja,
jedwali lilitoka, likapanda hadi mlango wa Bashige,
likapiga hodi,
likangoja,
likaanguka kizingitini.

Nikacheka peke yangu, kwa sauti.
Kuna kitufe: Kata kiungo.
Kikauliza kama nina hakika. Thamani za mwisho zitabaki.

Za mwisho?

Elfu mbili na kumi kwa dola.
Asubuhi hiyo wabadilishaji wa Nyawera
walikuwa wakiita elfu mbili mia saba na hamsini.

Mama Cibalonza alivuka ziwa mara mbili,
karatasi ya daftari imekunjwa kwenye ncha ya kitenge,
hesabu kwa penseli, safi, bila kufuta.
"Mnanipunja," alisema. Hakugomba.
Mimi ndiye niliyemjibu: Mama, mashine haikosei.
Nikamgeuzia kioo ajionee,
na papo hapo likaganda, likawa jeupe,
naye akalitazama muda mrefu akatabasamu upande:
"Hata lenyewe linaona haya."

Nikakata.

Sasa linafunguka kabla hujavuta kiti.
Nimeliingia kwa kompyuta zote tano,
moja baada ya nyingine, usiku, kama mwizi:
halitikisiki.
Nimeongeza safu mpya baada ya K. Sikuipaka rangi.
Deni.
Nimeanza na mstari wa mia mbili na kumi na nne:
Cibalonza, Idjwi, kilo mia moja themanini na sita,
mavuno mawili.
Nimefika mia tatu na tisa, na kumekucha.

Nshombo anaingia, viatu vimejaa matope ya mteremko,
anaona kioo kimetulia.
"Limepona?"

Limepona, nasema. Keti kwanza.