Swali la Nne

Mwaka wa pili, Tunguu, muhula wa masika.
Ukumbi unavuja pembeni ya projekta,
ndoo imetegwa, na Mwalimu Khatibu anachora
mistari miwili inayopishana kama majirani waliogombana:
huu unashuka, ni mahitaji,
huu unapanda, ni ugavi,
hapa walipokutana ndipo penye bei.
Akapazungushia duara.
“Mengine yote,” akasema, “yakibaki vilevile.”
Ndoo ikaitikia: to.

Nikayanakili kwenye daftari la mama.
Nililibeba bila ya kujua, lilijificha ndani ya kanga,
chini ya kopo la dagaa,
siku niliyopanda meli Mkoani.
Jalada lina jedwali la kuzidisha.
Kurasa za mbele ni zake, kwa penseli,
tarakimu zimeinama kama mtu anayefunga taitai:

*Kilo 14. Mchanga, toa 2. Unyevu, toa 1.*
*Kilo 22. Mchanga, toa 3.*
*Hakuja.*
*Hakuja.*
*Kilo 61. Bei chini. Kasema ni China.*

Za nyuma, nilizozigeuza juu chini, ni zangu.
Mama keshanunua jengine.

Wiki ya saba tuliulizwa: soko lenye muuzaji mmoja?
Tukapiga kelele, umeme!
Na lenye mnunuzi mmoja?
Kimya. Hata Salha wa Mlandege,
ambaye baba yake ana duka la vitenge na yeye ana jawabu la kila kitu,
akajifanya anatafuta kifutio.
Kimya kile mimi nilikijua. Kina mizani ya kuning'inia
na pikapu nyeupe inayokuja ikitaka.
Mwalimu akaandika neno refu la kigeni,
lenye nywele kama shokishoki.
Kwetu Kiuyu tunaiita bei ya kukuta:
umefika, umeikuta, umeipokea, umekwenda zako.

Sikunyoosha mkono.
Niseme kweli, niliona haya.

Gharama ya fursa niliifahamu bila ya mchoro.
Ni kaka yangu Mbwana, aliyenishinda kwa hesabu
akabaki kubeba viroba
ili mmoja wetu avuke.
Kitabu kinasema: thamani ya kile ulichokiacha.
Hakisemi kwamba ulichokiacha
hukupigia simu saa nne za usiku kikauliza umekula nini.
Boflo na maharage, namwambia.
Ni boflo. Bumu limechelewa.

Mtihani. Swali la nne, alama kumi:
*Kwa kutumia mfano, jadili nguvu ya mnunuzi
katika soko lisilo na ushindani.*
Niliandika mpaka mkono ukaingia ganzi.
Niliandika mchanga toa mbili, unyevu toa moja,
na kwamba mchanga huo hakuna aliyeuona ukipimwa.
Niliandika kwamba bamvua halingoji mkataba,
kwamba mwani ukishakauka
haurudi baharini kusubiri bei nzuri,
na mstari wa ugavi nikauchora wima,
kama kigingi.

Karatasi imerudi jana. Sita juu ya kumi.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
*Mfano mzuri. Takwimu hizi, chanzo kiko wapi?*

Nilicheka peke yangu, dakhalia nzima imelala.
Chanzo kimo ndani ya maji mpaka kiunoni,
kinafunga kamba,
kidole gumba chake cha kulia hakina ukucha,
na kikirudi pwani hukaa kwanza juu ya kiroba
kabla ya kukibeba.

Lakini mwalimu kauliza kwa haki,
na kanuni za marejeo amenifunza mwenyewe.
Nikachukua penseli, ileile fupi iliyokuja na daftari,
nikaandika chini ya sita yake, herufi za kusomeka:

Riziki Faki Shaame. *Daftari la Mwani*.
Kiuyu, Pemba. Kurasa 1 hadi 31.
Halijachapishwa.
Linaendelea.