Dakika ya Sitini na Mbili

Ghorofa ya chini, Budapest, chumba kisicho na dirisha.
Bodnár Vilmos ameketi mbele ya maikrofoni
na glasi ya maji ya uvuguvugu
na tufaha bichi la kusafishia koo.

Miaka sita iliyopita alikuwa sauti ya Daktari Kiwavi,
yule katuni wa masharubu kama mikia ya panya wawili,
aliyeiba kengele zote za Ulaya,
za makanisa, za shule, za baiskeli, hata ile ya shingoni mwa paka,
akazifungia pangoni azisikie yeye peke yake.
Na kile kicheko!
Kilianzia kitovuni, kikapanda kama lifti mbovu,
kikafunguka ghorofa ya saba na kumwaga watu.
Watoto walijikojolea kwa raha.
Sokoni wauza mboga walimwomba, "Kidogo tu, bwana Vilmos,"
akacheka juu ya kabichi,
akafungiwa pilipili za bure.

Sasa Kiwavi ametubu.
Amerudisha kengele (ya paka bado inatafutwa),
ameoa mjane mwenye mapacha na bata mmoja,
na sehemu ya pili inamkuta ofisini mwa shule
akijaza fomu.
Kazi ya zamani: kuitia dunia mfukoni.
Kazi ya sasa: uji.

Uji unaungua. Bata amelala ndani ya kofia.
Mtambo wa kusaga milima siku hizi unakausha soksi.
Haya yote Vilmos anayamudu:
anapiga chafya, anakoroma, anakabwa na tai yake mwenyewe,
na Ildikó, mwongozaji, nyuma ya kioo,
anacheka mpaka miwani inamvuka.

Kisha dakika ya sitini na mbili.
Mapacha wamejifungia chumbani.
Daktari yuko nje ya mlango, kapiga magoti,
masharubu yamelegea,
na neno lake ni moja tu.

"Nisameheni," anasema Vilmos.
"Hiyo ni ya mtu aliyekukanyaga kwenye tramu."
"Nisameheni."
"Hiyo ni ya karani wa benki."
Ya tisa ilikuwa ya waziri.
Ya kumi na nne, Ildikó hakusema kitu, alirudisha picha nyuma tu.
Ya ishirini: "Vilmos, unaigiza."
"Si ndiyo kazi mnayonilipa?"
"Tazama mdomo wake. Anaufumba sekunde mbili na nusu
kabla ya kusema. Wewe unawahi.
Unataka liishe."

Tufaha limegeuka kahawia.

Kwenye korido, mashine ya kahawa inanguruma, haitoi kahawa.
Vilmos anaipiga kofi, halafu anaipapasa.
Ákos alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Tarumbeta yake ilikuwa na mbonyeo mdogo mdomoni,
nayo Vilmos aliiuza Jumanne, kwa deni la karata,
Jumatano akamwambia mtoto imeibwa.
Wakaitafuta pamoja, mtaa mzima, mlango kwa mlango,
baba akiwauliza majirani kwa sauti inayotetemeka,
mtoto akimshika mkono, akimfariji.
Katika maisha yake yote
hajapata kuigiza vizuri vile.

Ákos yuko Pécs sasa, fundi wa mabomba.
Huonana Krismasi, huzungumzia magari.

Simu inaita mara nne. Anapokea Bende, mjukuu, miaka mitano.
"Baba! Ni Kiwavi! Babu, cheka! Cheka kile!"
Vilmos anavuta pumzi, anacheka,
lifti inapanda, inakwama kati ya tatu na nne.
"Imeharibika," anasema Bende, bila huruma.
"Ndiyo. Mpe baba simu."

Kishindo, maji yakifungwa, mikono ikifutwa kwenye suruali.
"Haloo? Kuna nini?"

Nyuma ya mlango Ildikó anamwita, muda wa studio unalipiwa.
Sekunde moja.
Ya pili.
Nusu yake ni ndefu kuliko alivyodhani.

"Ile tarumbeta," anasema.