Mwaloni wa Mto Kupa

Agosti, maji ya Kupa yalipopungua,
Stjepko aliuona ubavu wake, mweusi ti.
Tukaufunga minyororo, trekta likaguna,
ukatoka na konokono zake.

Ulianguka kabla ya daraja, kabla ya kanisa,
kabla mto haujapewa jina.
Chuma kilichoyeyuka majini
kikakutana na ukakasi wa mti, vikazaa wino.
Vijidudu visivyo na haraka vikala ndani ya kila chembe,
vikabakiza kuta.
Maji yakaingia, yakasimama pale
kama mgeni aliyeombwa kushikilia paa.

Ndiyo maana hauanikwi.
Marehemu baba aliuanika wake juani, pupa ya kuuza;
usiku tukasikia milio kama ya bunduki,
asubuhi tukakuta kitu kimejikunja,
nusu ya upana wake,
hata jiko lilikikataa.

Stjepko hukifunika kipande chake kwa magunia yaliyolowa.
Kila Jumamosi hukipima kwa mzani wa viazi,
huandika ukutani kwa chaki:
*kimepungua gramu arobaini.*
Kitakauka baada ya miaka sita.
Yeye ana sabini na minane.

“Na wewe je?” namuuliza.

Analoweka gunia upya.